Tarakilishi ya Kwanta: Si Suala la Kasi Tu

Aghalabu mwanafunzi akiuliza tarakilishi ya kwanta ni nini, hujibiwa kuwa ni mashine kama hizi za kawaida, ila ina kasi zaidi. Jibu hilo ni jepesi, tena linapotosha.

Tarakilishi tuliyoizoea huhifadhi habari kwa biti, na kila biti ni 0 au 1, mithili ya taa iliyozimwa au iliyowashwa. Biti ya kwanta, yaani kyubiti, haifungwi na "au" hiyo. Kabla ya kupimwa huwa katika mchanganyiko wa hali zote mbili. Ikipimwa, hutoa jibu moja tu. Basi wapo wanaodhani kuwa mashine hii hujaribu majibu yote kwa mpigo mmoja na kutuchagulia lililo sahihi. La hasha! Ingekuwa hivyo tu, kipimo kingetupa jibu lolote kwa bahati nasibu. Siri imo katika tabia ya mawimbi: kilele kikikutana na kilele, wimbi huinuka, kilele kikikutana na bonde, maji hutulia. Ustadi ni kupanga hesabu ili majibu ya makosa yafutane, na lililo sahihi lipate nguvu.

Mwaka 1994 Peter Shor, mwanahisabati wa Marekani, alionyesha kuwa kwa njia hiyo nambari kubwa mno yaweza kuvunjwa upesi katika vigawo vyake tasa. Ugumu wa kazi hiyo ndio kufuli la RSA, mojawapo ya mbinu zinazolinda siri za benki na mawasiliano duniani. Ni kweli kwamba mashine zilizopo hukosea mno, na kufuli hilo haziwezi bado kulivunja. Mwaka 2001 watafiti wa IBM walitumia kyubiti 7 kuivunja 15 kuwa 3 na 5, hesabu ya mtoto wa shule ya msingi! Hata hivyo, siri iliyoibwa leo yaweza kuwekwa hadi siku ya kufunguliwa. Ndiyo maana Agosti 2024 taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ilitangaza kanuni za makufuli mapya.

Walimu wenzangu, mwanafunzi anayeamini kuwa hili ni suala la kasi tu hataelewa kwa nini makufuli yabadilishwe sasa. Tusisingizie uchanga wa lugha. Wimbi, kipimo na uwezekano ni maneno tuliyo nayo tayari. Tuanze nayo darasani, na istilahi zilizosalia tuzisanifu tukiendelea kufundisha.