Hema Kando ya Mto Zigi: Kweli au Si Kweli?

Mwambie mtu wa mjini kwamba unakwenda kulala kwenye hema msituni Amani, atakuuliza habari za simba. Habari za mto haulizi mtu.

Amani iko Usambara Mashariki, wilayani Muheza, mkoani Tanga. Ni hifadhi ya mazingira asilia tangu mwaka 1997, yenye zaidi ya hekta 8,000. Upande wa Zigi, bondeni mwa mto wenye jina hilo, mgeni aliyelipa ada na kupata kibali anaweza kupiga hema lake. Huduma ni za kawaida tu, na ndiyo raha yenyewe. Ila kabla hujafunga begi, tuyachuje yanayosemwa.

"Msitu umejaa simba na tembo." Si kweli, kwa Amani. Utakaowaona ni kima, mbega, vinyonga wa kila namna, na ndege wengi. Nyoka wapo, hata kifutu, lakini hawana shida na mtu asiyewakanyaga. Chumvi au kitunguu saumu ukimwaga kuzunguka hema, umepoteza kitoweo bure. Funga zipu muda wote, na ukienda chooni usiku vaa viatu na umulike tochi chini. Mimi ningewahofia zaidi siafu: njia yao ikipita ulipolala, utahama wewe. Kagua ardhi kabla ya kusimamisha hema, na chakula kisilale wazi.

"Kulala kwenye hema ni mambo ya Wazungu." Si kweli. Wavuvi wa pwani yetu wanapiga dago ufukweni msimu baada ya msimu, na hakuna aliyewafundisha.

"Hapa hapajanyesha, kwa hiyo mto hauna neno." Si kweli, na huu ndio uongo unaoua. Mto haungoji mvua ya mahali ulipolala. Unaleta ya milimani, na milima ya Amani hupata karibu milimita 2,000 kwa mwaka. Septemba 2019, katika makorongo ya Hell's Gate nchini Kenya, mafuriko ya ghafla yaliwakumba wageni waliokuwa matembezini, na watu 7 wakafa. Mwanzoni mwa Mei 2024, Mto Talek ulivunja kingo zake na kambi kadhaa za kitalii Maasai Mara zikaingia maji. Baadhi ya wageni ikabidi waokolewe kwa helikopta. Hao wa Mara walikuwa kwenye kambi za kulipia, zenye wahudumu na walinzi.

Kwa hiyo ule mchanga laini ulio sawa na maji, unaovutia kwa picha, uache. Mchanga huo uliletwa na mto, na mto unajua njia ya kurudi. Tazama vichaka vya ukingoni: takataka na nyasi kavu zilizonasa kwenye matawi zinakuonyesha maji yalifika wapi mara ya mwisho. Piga hema juu ya alama hiyo, tena juu sana. Ukiona maji yanageuka rangi, au vijiti na majani yanaanza kuteremka kwa wingi, panda mlimani. Vyombo utavifuata kesho. Miezi ya masika, Machi hadi Mei, ningeshauri uende wakati mwingine kabisa.

"Maji yanayotiririka ni safi." Si kweli. Huko juu kuna vijiji, mashamba na mifugo. Chemsha hadi yatokote sawasawa kwa dakika moja, inatosha. Vidonge vya klorini navyo husaidia, lakini maji yenye tope yachujwe kwanza. Ukitaka kuoga mtoni, jihadhari na vidimbwi vilivyotulia, maana konokono wa kichocho hupenda humo.

"Jiko la mkaa likiacha kutoa moshi, unaweza kuliingiza hemani lipashe joto." Si kweli kabisa! Mkaa uliokolea hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, ambayo haina rangi wala harufu. Aliyelala haamki kukohoa. Hulala moja kwa moja. Jiko libaki nje, hata mvua ikinyesha, hata likiwa limebaki makaa mawili. Kama unaona baridi, ongeza kitu chini yako kabla ya kuongeza blanketi juu. Ardhi yenye unyevu hunyonya joto la mwili usiku kucha, na godoro jembamba la sponji litakufaa kuliko shuka la tatu.

"Penye maji ya kasi hakuna wadudu wa kuleta maradhi." Nusu kweli. Mbu wa malaria kweli hupendelea madimbwi kuliko maji ya kasi, lakini Muheza ni eneo la malaria, hivyo chandarua ni lazima. Kisha wapo inzi weusi wadogo wanaoeneza usubi, na hao huyapenda maji ya kasi hasa. Kwenye mito ya Usambara Mashariki viluwiluwi vya aina moja hukua vikiwa vimeng'ang'ania magamba ya kaa wa mtoni. Inzi hao huuma mchana. Mgeni wa siku chache hana hatari kubwa, maana usubi hutokana na kuumwa mara nyingi kwa muda mrefu, lakini mikono mirefu na suruali haviumizi mtu.

"Sabuni ya miti shamba haichafui mto." Si kweli. Sabuni ni sabuni. Teka maji kwa ndoo, kaoge na kuosha vyombo hatua mia hivi kutoka ukingoni, umwage kwenye udongo. Maji ya Zigi huteremka hadi Bwawa la Mabayani, na kutoka hapo wakazi wa Jiji la Tanga huyanywa.