Magari ya Mkonge: Mchezo Unaofundisha Ufundi na Haki

Katika vijiji vya Handeni na Korogwe mtoto hangoji mradi ndipo atengeneze gari. Utamkuta njiani akisukuma gari lake la waya au la dumu la mafuta ya kula, tairi zake zimekatwa kwenye kandambili zilizochakaa. Ufundi tunao tayari. Makala hii inaeleza namna kikundi cha vijana cha parokia au kigango kinavyoweza kuugeuza kuwa somo.

Wazo lilikotoka

Mwaka 1953 huko Manhattan Beach, California, Marekani, kiongozi wa skauti Don Murphy alikuwa na mtoto mdogo mno kushiriki mashindano ya magari ya kupanda. Akabuni mashindano ya vigari vya mbao visivyo na injini, vinavyoteremka kwenye njia ya mbao. Kila mtoto hupewa kipande cha mbao kilicho sawa na cha mwenzake, na gari lisizidi wakia 5, yaani gramu 142 hivi. Tunachopaswa kuiga ni kanuni hiyo ya usawa. Mbao zao hatuzihitaji.

Vifaa

Korogwe ina mkonge. Mmea huu hutoa mti mrefu wa maua mara moja tu, kisha hufa. Mti huo ukikauka ni mwepesi na hukatika kwa kisu. Lakini mkonge una mwenyewe: kamati iombe ruhusa kwa uongozi wa shamba kabla kijana hajaingia, asije akaitwa mwizi. Pia ukatwe uliokauka, kwa kuwa utomvu wa mkonge huwasha ngozi. Kwa Handeni, mabaki ya mbao kwa mafundi seremala yanatosha.

Bodi iwe na urefu wa sentimita 18 na upana wa sentimita 7. Ekseli ni spoku ya baiskeli iliyonyooka, ikipita ndani ya mrija wa soda au bomba la kalamu lililofungwa chini ya bodi. Tairi ni duara la kandambili lililotobolewa katikati kabisa, ili libane spoku na kuzunguka nayo.

Uzito usizidi robo kilo. Tumechagua kipimo hiki kwa sababu kila duka la kijijini lenye mizani lina jiwe la robo, na kila mtoto anaweza kushuhudia gari lake likipimwa.

Kwa nini moja hulishinda jingine

Adui wa kwanza ni msuguano. Tairi inayogusa bodi, au ekseli zisizo sambamba, hupoteza mwendo wote. Paka kwenye ekseli unga mweusi wa ndani ya penseli; mafuta hukamata vumbi. Uzito nao husaidia: gari jepesi sana huzuiwa zaidi na hewa. Mchanga au misumari ya kuongeza uzito iwekwe kuelekea nyuma, kwa maana pale juu ya mteremko sehemu ya nyuma ndiyo iliyo juu zaidi, na uzito ulio juu una safari ndefu zaidi ya kushuka. Ukizidisha, tairi za mbele zitanyanyuka. Waache vijana wajaribu na kukosea kabla ya kuwaeleza.

Njia na sheria

Mbao mbili za futi 12, kila moja ikiwa na ufito katikati wa kuongoza gari, zinaegemezwa kwenye benchi na kuishia kwenye sakafu ya ukumbi. Weka mstari mita 2 mbele. Magari mawili yashindane, kisha yabadilishane njia, maana mbao hazifanani. Yakitoka sare, liachiwe kila moja peke yake na umbali upimwe kwa futi kamba. Mashindano yasifanyike kamwe kando ya lami. Barabara ya Segera, Korogwe na Mombo ina magari ya kweli.

Maswali matatu kwa kamati

Kwanza, nani ametengeneza gari? Baba fundi akimtengenezea mwanawe, mtoto wa mjane amekwisha kushindwa kabla ya kuanza. Kazi yote ifanyike kwenye kikundi, na magari yabaki ukumbini.

Pili, wasichana wako wapi? Kipindi kikipangwa saa za kuteka maji, mlango utakuwa wazi lakini wao hawatakuwemo. Waulizwe wao kwanza saa inayowafaa.

Tatu, zawadi ni nini? Tunashauri msumeno au koleo kwa kikundi kizima, badala ya fedha kwa mmoja.

Kwa wafadhili wetu

Wapo wenye moyo wa kutuma maboksi ya magari yaliyokwisha kukatwa. Tunawashukuru, lakini boksi likiisha mchezo nao utaisha. Misumeno, tupa, koleo na futi kamba vitatumika mwaka hata mwaka, na siku moja vitatengeneza dawati la shule au mlango wa zahanati. Kijana aliyejifunza kunyoosha ekseli ya robo kilo ameanza safari ya ufundi, na amejifunza pia kukubali mizani inaposema gari lake limezidi.