Kukosoa Picha za Nukta: Sifa Tupu Hazijengi, Kejeli Hubomoa

Katika miji yetu ya pwani, mtu akionyesha kazi ya mkono wake hupata mojawapo ya majibu mawili. Ama ataambiwa, "Mashaallah, umeweza!" na mazungumzo yakaishia hapo, ama atachekwa mpaka aikunje kazi yake na kuificha. Jibu la kwanza ni la upole na la pili ni la ukatili, lakini yote mawili yana upungufu mmoja: hayamwambii fundi afanye nini kesho. Wazee walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Nami naongeza kwamba mgema akitukanwa huteremka mnazini asipande tena.

Nimelifikiri sana jambo hili kwa sababu ya sanaa moja ambayo baadhi ya vijana wetu wameipenda, nayo ni uchoraji wa picha za pikseli. Pikseli ni nukta moja ya rangi katika kioo cha kompyuta au cha simu. Picha zote tuzionazo humo zimejengwa kwa nukta hizo, ila kwa kawaida ni ndogo mno na zimesongamana hata jicho halizitambui. Mchoraji wa pikseli hufanya kinyume chake. Yeye hutumia nukta chache, huzipanga moja moja kwa mkono wake, na huziacha zionekane. Picha yenye nukta 16 kwa 16 ina nukta 256 tu. Yenye 32 kwa 32 ina nukta 1,024. Katika uwanja huo mdogo ndimo anamotakiwa kuusimamisha mnazi, mnara wa msikiti au jahazi lenye tanga, na mtazamaji avitambue.

Hapo zamani haikuwa hiari, ilikuwa lazima. Mitambo ya miaka ya 1970 na 1980 haikuwa na nguvu ya kubeba picha kubwa. Mjapani Shigeru Miyamoto alipomchora shujaa wa mchezo wa Donkey Kong mwaka 1981, yule ambaye baadaye dunia nzima ilimjua kwa jina la Mario, alimpa masharubu ili asihitaji kumchora mdomo, na kofia ili asisumbuke na nywele. Leo mitambo ina nguvu tele, lakini sanaa yenyewe imebaki kwa uzuri wake, kama vile watu wanavyoendelea kushona kofia kwa mkono ijapokuwa cherehani zimejaa mjini.

SI SANAA NGENI KWETU

Msomaji asidhani kwamba haya ni mambo ya ugenini yasiyotuhusu. Mwenye kushona kofia ya mkono huhesabu vitobo vyake, na ua moja hurudiwa sawasawa mpaka kofia izunguke. Mwanamke anayesuka ukili wa mkeka wa rangi hujua kwamba akiruka jani moja mwanzoni, nakshi yote itakwenda upande. Hao wote ni watu wa kujenga sura kwa vipande vidogo vilivyohesabiwa.

Mmarekani Susan Kare, aliyechora alama za kompyuta ya Macintosh ya kampuni ya Apple iliyotoka Januari 1984, alianza kwa karatasi ya miraba, akijaza mraba mmoja mmoja kwa kalamu. Amepata kueleza kwamba kazi hiyo inafanana na nakshi za sindano na za vijiwe vya rangi, sanaa alizokuwa akizifanya kabla hajaingia katika kompyuta. Basi bibi wa Lamu mwenye sindano yake na binti wa Amerika mwenye kompyuta yake wangeelewana bila ya mkalimani.

Hata katika maandishi yetu matukufu nukta ni kipimo. Ibn Muqla, waziri wa Baghdad aliyefariki mwaka 940, ndiye anayetajwa kwa kuiwekea khati ya Kiarabu kanuni za vipimo, herufi ikipimwa kwa nukta za kalamu ile ile inayoiandika. Nao walimu wa khati, hasa katika mila ya Waturuki wa dola ya Uthmania, waliendeleza namna ya kusahihisha ambayo ingefaa kuigwa. Mwalimu huitazama karatasi ya mwanafunzi, kisha chini ya herufi iliyopotoka huandika iliyo sawa, au hutia nukta za kupimia ili mwanafunzi aone mwenyewe alipozidisha na alipopunguza. Hamtukani, wala hampambi kwa sifa. Humwonyesha mahali. Mwanafunzi hurudi kwake, akaandika tena na tena, na siku anapopewa ijaza hujua kwamba ameistahili.

UPEPO WATOKA WAPI?

Yupo kijana mmoja wa mtaani kwetu aliyechora jahazi katika uwanja wa nukta 48 kwa 48. Alitaka kulitia katika mchezo wa simu aliokuwa akiutengeneza na wenzake. Alipowaonyesha marafiki, mmoja akasema lafanana na kiatu cha askari, na kicheko kikaenea baraza nzima. Nyumbani, mama na shangazi wakasema ni zuri kabisa, halina ila. Kijana hakuwaamini waliocheka, wala hakuwaamini waliosifu. Aliweka kazi kando, na kwa muda wa miezi hakuchora kitu.

Aliyemrudisha ni mzee mmoja wa ukoo wake aliyefanya kazi ya ubaharia ujanani, mtu asiyejua lolote la kompyuta. Alipewa simu, akaisogeza karibu na macho, akanyamaza kitambo. Kisha akauliza, "Mwanangu, huu upepo wako watoka wapi?"

"Watoka nyuma, babu. Si waona tanga limevimba kwenda mbele?"

"Naliona, na limekaa vyema. Basi mbona bendera yako yapepea kwenda nyuma?"

Kijana alitazama, akacheka mwenyewe. Bendera ilikuwa na nukta 6 tu. Alizihamishia upande wa pili, na ghafla chombo kikaanza kwenda. Ndugu msomaji, angalia alivyofanya mzee yule. Hakusema picha ni mbaya, wala hakusema kijana hajui bahari. Aliuliza swali juu ya kitu kimoja kinachoonekana, alilitaja lililo zuri bila ya kulikuza, na akaacha jibu mikononi mwa mwenye kazi. Kijana yule anachora mpaka leo.

ONYESHA MAHALI, TAJA SABABU

Picha ya nukta ni ndogo, na kwa hiyo kila kosa lina anwani. Katika picha ya rangi za mafuta mtu anaweza kusema "hapa pamezubaa" na asieleze zaidi. Katika picha ya nukta 256 hana udhuru. Aweza kuhesabu na kusema ni nukta ipi. Nayataja makosa manne ambayo mkosoaji yeyote, hata asiye mchoraji, aweza kujifunza kuyaona.

La kwanza ni mistari yenye meno. Mstari wa mshazari hupanda ngazi kwa ngazi, na ngazi hizo zikiwa sawa, nukta 2, kisha 2, kisha 2, jicho huona umenyooka. Zikiwa 2, kisha 1, kisha 3, mstari huonekana umevunjika. Kadhalika katika tao la mlango, ngazi ziongezeke au zipungue kwa taratibu, zisirukeruke.

La pili ni kivuli kisichojua jua liko wapi. Mchoraji mgeni hutia giza pande zote za ukingo na mwanga katikati, na kila kitu chake, ikiwa nazi au jiwe, hugeuka mto wa kulalia. Hapo usimwambie "vivuli vyako vibaya". Mwulize jua lake limesimama upande gani, kisha mwache alitafute.

La tatu ni rangi nyingi mno. Katika eneo dogo, rangi mbili zinazokaribiana sana hupoteza nafasi bila ya kuleta faida. Mwambie ni zipi mbili ambazo jicho lako halikuweza kuzitenganisha.

La nne, nalo ndilo kubwa kuliko yote, ni picha isiyotambulikana. Mchoraji hufanya kazi akiwa ameikuza picha mara nyingi, akasahau kwamba watu wataiona ikiwa ndogo. Itazame kwa ukubwa wake wa kweli. Au umwombe aijaze yote nyeusi, ibaki umbo tupu. Kama umbo hilo halisemi kuwa ni birika, hapana rangi itakayolisemea.

Ukitaka kumwonyesha kwa vitendo, omba ruhusa kwanza, ufanye katika nakala, si katika kazi yake. Na ukimaliza, sema sababu. Nakala bila ya sababu ni kama kumwandikia mtoto jibu la hesabu. Atalipata leo na kesho hatalijua.

Kuna kisa cha kweli kinachofundisha pande zote mbili. Mwaka 1983, wakati Macintosh ikitengenezwa, mmoja wa waasisi wa Apple, Steve Jobs, aliona alama ya tufaha ya kampuni imetiwa kando ya amri moja baada ya nyingine katika orodha. Akaja juu kwamba matufaha yamezidi na alama inatumiwa ovyo. Sauti ilikuwa kali, lakini neno lenyewe lilikuwa na mahali na lilikuwa na sababu. Susan Kare hakusimama kuitetea kazi iliyokwisha fanywa. Alifungua kitabu cha alama za nchi mbalimbali, akaikuta alama ya kitanzi chenye masikio manne iliyotumiwa huko Sweden kuonyesha mahali penye kitu cha kuvutia. Akaichora kwa nukta zake chache, na mpaka leo imo katika vibao vya kuandikia vya kompyuta za Apple. Mlalamikaji alitaja kasoro. Mchoraji ndiye aliyeitafuta dawa. Kila mmoja alibaki katika kazi yake.

KIOO CHA MWENZIO

Dini yetu imemfananisha muumini na kioo cha muumini mwenziwe, na mfano huo unatosha kuwa somo zima. Kioo humwonyesha mtu doa lililopo, hakilizidishi wala hakilipunguzi. Humwonyesha aliyesimama mbele yake, hakiendi kuwasimulia majirani. Nawe ukiondoka, hakibaki na doa lako. Mwenye kukosoa kazi ya mtu barazani ili wengine wacheke ameacha kuwa kioo, amekuwa ngoma.

Lipo pia suala la picha za viumbe wenye roho. Wanazuoni wamelizungumza kwa marefu na wametofautiana, nami simo katika kutoa fatwa gazetini. Wako vijana wanaochagua kuchora majahazi, milango ya nakshi, maua na minara, na uwanja huo ni mpana. Ila naona si haki kuchanganya mambo mawili. Mwenye nasaha ya dini na aitoe kwa elimu na kwa faragha. Asiichukue akaifanya rungu la kupigia rangi asizozipenda.

NA MWENYE KUKOSOLEWA

Mwenye kazi naye ana wajibu wake. Asiilete picha na kuuliza tu, "Mwaionaje?" Swali kama hilo ndilo huzaa "mashaallah" tupu. Aseme picha ni ya ukubwa gani, ni ya kutumiwa wapi, ameamua kutumia rangi ngapi, na ni mahali gani panapomsumbua. Mtu akiulizwa, "Je, mlingoti huu waonekana umesimama wima?" hutazama mlingoti, akajibu.

Akiisha kuambiwa, asijibu papo hapo. Aulize asipoelewa, lakini asijitetee. Picha isiyojieleza yenyewe haitaeleweka kwa maneno ya mwenyewe, kwani hatakuwapo kila inapotazamwa. Si lazima kulifuata kila neno, kwani wakosoaji watatu huweza kutaka mambo matatu yanayopingana. Lakini wakosoaji watatu wakielekeza kidole mahali pamoja, hata kama kila mmoja ana dawa yake, basi mahali hapo pana ugonjwa. Na ajue kwamba fundi kofia anapoambiwa "fumua", ni uzi unaofumuliwa, si yeye.

Nayasema haya kwa kuwa naona hasara iliyopo. Kijana asiyepata wa kumwambia kweli kwa upole huendelea na makosa yale yale, au huacha. Akiacha, majahazi na milango yetu itachorwa na watu wasiowahi kuiona, nasi tutabaki kulalamika kwamba bendera imepepea upande usio wake. Basi akikujia mtoto na simu mkononi akikuonyesha picha yake ya nukta, usiharakishe kusifu wala kucheka. Isogeze karibu na macho, itazame sawasawa, umtajie jambo moja alilolipata na jambo moja la kutengeneza, na umwambie kwa nini.