Treni, Miguu na Mtumbwi: Kilombero kwa Fedha Kidogo

Mjini La Paz, Bolivia, vijana wanaozunguka dunia na begi la mgongoni hawana haja ya kukodi gari ili kuuona mji. Tangu 2014 wanapanda magari yanayoning'inia kwenye nyaya, yaleyale yanayowashusha wafanyakazi na wanafunzi kutoka mji jirani wa El Alto, na kwa nauli ya abiria wa kawaida mji wote unatanda chini ya miguu yao. Tanzania nayo ina bonde ambako chombo cha wananchi humwonyesha mgeni mengi kuliko gari la utalii. Bonde hilo ni Kilombero, na mji wake ni Ifakara.

Safari inaanzia stesheni ya TAZARA, Dar es Salaam. Reli hii ya kilometa 1,860, iliyojengwa kwa msaada wa China kati ya 1970 na 1975, hukatiza eneo lililokuwa Pori la Akiba la Selous, ambalo sehemu yake kubwa leo ni Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Abiria wa daraja la tatu na wa daraja la kwanza wanatazama twiga walewale, tena bila kulipa kiingilio. Ila treni ya abiria haipiti kila siku, na kuchelewa ni kawaida yake. Msafiri aulizie ratiba stesheni kabla ya kupanga lolote, na mwenye miadi ya kesho yake apande basi la kupitia Morogoro na Mikumi.

Kabla ya Ifakara kuna Mang'ula, na hapa ndipo penye utamu wenyewe. Hifadhi ya Milima ya Udzungwa, iliyoanzishwa 1992 na yenye ukubwa wa kilometa za mraba 1,990 hivi, hutembelewa kwa miguu. Mwenye gari la kifahari huliacha nje, akafunga kamba za viatu sawa na aliyeshuka kwenye basi. Maporomoko ya Sanje, yenye urefu wa mita 170 hivi, hayajui nani kalala wapi. Katika misitu hii watafiti walimtambua mwaka 1979 nyani wa aina ya pekee ambaye wenyeji walikuwa wakimwita ngolaga siku zote. Hapatikani popote duniani nje ya milima hii. Mtanzania hulipa kiingilio kidogo mno kuliko mgeni wa ng'ambo, na bado wengi wetu hupita Mang'ula usingizini. Inasikitisha.

Ifakara yenyewe ni tambarare, mji wa baiskeli. Mchele unatoka mashamba ya jirani na samaki mtoni: perege, kambale, mbasa. Sahani ya wali kwa mama lishe inashibisha na haiumizi mfuko.

Gesti hazikosekani, lakini jambo la kukagua kabla ya kulipa ni chandarua, si televisheni. Kilombero inaijua malaria kuliko sehemu nyingi. Utafiti wa kisayansi ulianza Ifakara miaka ya 1950 kwa maabara ndogo ya Waswisi, ambayo leo ni Taasisi ya Afya Ifakara; na kuanzia 1997 mradi wa KINET uliuza vyandarua vyenye dawa katika wilaya za Kilombero na Ulanga, vikaokoa watoto wengi. Chandarua kikiwa na tundu, omba kingine.

Kusini mwa mji upo Mto Kilombero. Zamani watu walivuka kwa kivuko kwenda Ulanga. Sasa lipo Daraja la Magufuli, lililozinduliwa 2018. Bonde oevu hili liliingizwa katika orodha ya Ramsar mwaka 2002, na ndilo lililokuwa makao ya swala aina ya sheshe wengi kuliko mahali pengine popote, kabla mashamba na mifugo havijawasukuma pembeni. Anayetaka kuingia majini atafute mvuvi mzoefu mwenye mtumbwi, wapatane bei wakiwa nchi kavu, kisha amsikilize kwa kila neno, maana mamba na viboko wapo. Fedha hiyo inabaki mikononi mwa mtu anayeishi kwa mto huo, na hiyo ni sababu nzuri ya kutoibania.

Masika, Machi hadi Mei, maji hutapakaa bondeni na njia huharibika. Juni hadi Oktoba panapitika. Mwenye siku ya ziada asiishie Ifakara. Aendelee na treni hadi Mlimba, ambako reli inaanza kupanda milima kuelekea Makambako, daraja baada ya daraja, handaki baada ya handaki, na ahakikishe kipande hicho anakipita mchana.