Kura ya Kabezi na Orodha ya Chama

Mpiga kura wa Kabezi, kwenye ufukwe wa Ziwa Tanganyika, kama mwenzake wa Rumonge au wa Bujumbura, aghalabu hudhani ya kuwa siku ya kuwachagua wabunge anakwenda kumchagua mtu amjuaye. Na dhana hiyo, ijapokuwa ni ya kawaida, haiafikiani na sheria ya Burundi, ambayo tangu Katiba ya 2005, hata ile iliyopitishwa kwa kura ya maoni tarehe 17 Mei 2018, humwachia raia kuchagua chama, na watu waliomo ndani ya chama hicho huwa wamekwisha kupangwa kabla masanduku ya kura hayajafunguliwa.

Hesabu yake ni hii. Kila chama huleta orodha moja kwa mkoa mzima, na orodha hiyo imefungwa, yaani mpiga kura hana ruhusa ya kufuta jina wala kulipandisha la chini likawa la juu. Chama kikipata viti sita, wanaingia Bungeni sita wa mwanzo. Wa saba, hata awe ndiye aliyezunguka kila mwalo wa wavuvi akipigiwa vigelegele, hurudi nyumbani kwake. Mambo ni kama kununua ndagala kwa tenga lililokwisha kufungwa: unalipa bei ya tenga, na walioko chini utawaona ukifika nyumbani. Kwa hiyo shindano lililo gumu kabisa hufanyika mapema, baina ya wanachama wenyewe, katika vikao vya kupanga majina, ambavyo raia asiye na kadi havimhusu.

Ni haki kuuliza kwa nini nchi ilikubali kumnyima mpiga kura ikhtiari hiyo. Jawabu limo katika mwaka 1993. Tarehe 1 Juni mwaka ule Melchior Ndadaye wa FRODEBU alimshinda Pierre Buyoya wa UPRONA kwa kura zipatazo theluthi mbili, na mwisho wa mwezi huohuo chama chake kikatwaa viti 65 katika 81. Lakini tarehe 21 Oktoba Rais huyo aliuawa na askari, na vita vilivyofuata viliwatawanya watu wa ufukwe huu hata Kigoma na Uvira. Wajumbe waliokutana Arusha kwa mazungumzo ya amani, wakatia saini mapatano tarehe 28 Agosti 2000, walikuwa wakitafuta njia ambayo wengi wangetawala pasipo wachache kuona ya kuwa kura ni hukumu juu ya maisha yao. Ndipo ikaandikwa katika Katiba ya 2005 kwamba Bunge liwe na Wahutu asilimia 60 na Watutsi asilimia 40, wanawake wasipungue asilimia 30, na Watwa watatu waongezwe. Kipimo hicho hakiwezi kutimizwa kwa urahisi ikiwa kila mtu anagombea kwa jina lake; lakini kwa orodha kinawezekana, maadamu Katiba hiyohiyo iliamuru kwamba katika majina matatu yanayofuatana wasizidi wawili wa kabila moja, na katika kila manne awemo mwanamke. Na mizani ikipungua baada ya kuhesabu, Tume ya Uchaguzi, CENI, huongeza wabunge: mwaka 2005 waliochaguliwa walikuwa 100, na waliokalia viti mwishowe wakawa 118.

Mimi naona bei ile ilistahili kulipwa. Walakini bei ni bei, na iliyo kubwa ni kwamba kiti si cha mbunge, bali ni cha chama. Hussein Radjabu alipoondolewa katika uongozi wa chama tawala, CNDD-FDD, mwaka 2007, wabunge waliomfuata walidhani watabaki Bungeni kwa dhamana ya waliowapigia kura. Mwezi wa Juni 2008 Mahakama ya Katiba ikatangaza viti vyao 22 kuwa wazi, na vikajazwa na wengine, pasipo raia hata mmoja kuitwa tena kituoni.

Tukija kwenye uchaguzi wa tarehe 5 Juni 2025, ipo hesabu nyingine. Mikoa 18 ilikuwa imepunguzwa ikawa mitano, na ufukwe wetu ukawa katika miwili kati ya hiyo: Kabezi imo mkoa wa Bujumbura, na Rumonge imetiwa Burunga, ambayo makao yake makuu ni Makamba. Aidha, chama kisichofikisha asilimia 2 ya kura za nchi nzima hakipati kiti hata kimoja. CNDD-FDD ilitangazwa kupata zaidi ya asilimia 96, na aliyefuata hakufikia kizuizi kile cha asilimia 2. Ndiyo sababu viti vyote 100 vilikwenda kwa chama kimoja. Wapinzani walilalamika juu ya upigaji na uhesabuji wa kura, na ni kweli pia kwamba CNL, chama cha upinzani kilichokuwa na wabunge 32 baada ya 2020, kiliingia katika uchaguzi huo bila Agathon Rwasa, aliyepokonywa uongozi wake mwaka 2024. Sheria ya orodha peke yake haielezi yote hayo.

Aliyeshika nafasi ya pili mwaka huo wa 2025 ni UPRONA, chama cha Mwanamfalme Louis Rwagasore, kilichopata viti 58 katika 64 mwezi wa Septemba 1961 kwa msaada mkubwa wa Waswahili wa Buyenzi. Na ajabu ni kwamba Rwagasore mwenyewe hakugombea, ilhali watu walimpigia yeye.

Ukiacha uchaguzi wa Rais, mtu kwa jina lake bado anachaguliwa na raia mahali pamoja tu, nako ni kolini, yaani kilima, ngazi ya chini kabisa ya utawala. Tarehe 25 Agosti 2025 wakazi wa kila kolini walichagua wajumbe wa baraza, wagombea wakisimama pasipo chama, na aliyewazidi wenzake kwa kura akawa mkuu wa kolini; ingawa, kusema kweli, majirani hawahitaji nembo kujua nani ni wa upande gani. Baraza hilo hupatanisha waliogombana kwa mpaka wa shamba na kutoa shauri kwa komini. Kutunga sheria, au kuamua ushuru wa mawese, si kazi yake.