Walimu wasidharau daftari la picha

Hivi majuzi mwalimu mmoja wa shule ya msingi alinilalamikia kwamba wanafunzi wake wanapoteza wakati kwa kukusanya picha za wachezaji. Alikuwa amemnyang'anya mvulana mmoja daftari lililojaa picha za mwanakandanda mmoja tu, naye alitaka nimuunge mkono. Nilimwambia kwamba hapo hangenipata, kwani nisingalikuwa mhadhiri wa isimu leo lau si daftari kama hilo. Jibu langu lilimshangaza. Naona basi ni heri nilieleze kwa mapana, ili walimu na wanafunzi wengine nao walipime.

Nililelewa Garsen, mji mdogo karibu na Mto Tana, pale ambapo barabara itokayo Malindi huelekea Lamu na nyingine hupanda kwenda Hola na Garissa. Katika miaka ya tisini gazeti lilitufikia kwa basi, na wachache mno walilinunua ili walisome. Sisi watoto tulilipata baadaye, likiwa limefungia sukari, nyama au mahamri. Mwezi Aprili mwaka 1995, nikiwa darasa la sita, nilitumwa dukani nikarudi na robo kilo ya sukari ndani ya ukurasa wa michezo. Palikuwa na picha ya Paul Tergat, mzaliwa wa Baringo, ambaye alikuwa ameshinda mbio za nyika za dunia mjini Durham, Uingereza. Niliikung'uta sukari, nikaikata picha kwa wembe na kuibandika daftarini kwa uji wa unga wa ngano.

Huko Marekani watoto hawakuhitaji wembe wala uji. Tangu karne ya 19 makampuni ya sigara, na baadaye ya peremende na chingamu, yamekuwa yakiwachapishia watu kadi za wachezaji wa besiboli. Mwaka 2022 kadi moja ya Mickey Mantle, iliyochapishwa na kampuni ya Topps mwaka 1952, iliuzwa kwa dola milioni 12.6. Kadi zao huchapishwa ili zihifadhiwe. Picha zetu zilichapishwa ili zisomwe siku moja, kisha zitupwe. Aliyetaka kuzihifadhi ilimbidi aziokoe mwenyewe.

Huenda msomaji akauliza, kwa nini mwanariadha mmoja tu? Wenzangu darasani walikusanya kila picha waliyoiona, na baada ya muhula mmoja wakachoka. Wahenga hawakukosea waliponena kwamba mtaka yote hukosa yote. Anayemfuata mtu mmoja hulazimika kutafuta, kungoja na, zaidi ya yote, kusoma. Mara nyingi picha ilikuja na nusu tu ya habari, nusu nyingine ikiwa imebaki dukani na nyama ya mtu mwingine. Nilijizoeza kukisia sentensi iliyokatika ilikuwa ikielekea wapi. Hakuna zoezi la ufahamu nililofanya darasani lililonifaa kuliko hilo.

Aidha, kwa kumfuata mtu mmoja niliiona lugha ikitembea. Katika vipande vya mwanzo Tergat alitajwa pamoja na wilaya yake, kana kwamba msomaji hamjui. Aliposhinda tena huko Stellenbosch, Afrika Kusini, mwaka 1996, akawa bingwa. Aliposhinda mara ya tatu mjini Turin, Italia, mwaka 1997, akawa mfalme wa mbio za nyika. Miaka mingi baadaye nilimkuta akiitwa mkongwe. Mtu ni yule yule, ila majina yalibadilika kadiri wakati ulivyompitia. Kwenye jalada la nyuma niliorodhesha vitenzi vyote ambavyo waandishi walitumia badala ya kushinda, yaani kutwaa, kunyakua, kutia kapuni, kuibuka kidedea. Orodha hiyo ya penseli ndiyo utafiti wangu wa kwanza wa isimu.

Sikuwa peke yangu. Mimi ni Mpokomo, na rafiki yangu mkubwa alikuwa Muorma ambaye mamake aliuza maziwa sokoni. Yeye alikusanya picha za Haile Gebrselassie wa Ethiopia, mzaliwa wa Asela katika nchi ya Waoromo. Kiorma ni tawi la lugha ya Kioromo, kwa hivyo kwake Haile alikuwa mtu wa nyumbani. Mwaka 1996 Haile alimshinda Tergat katika mbio za mita 10,000 kwenye Olimpiki za Atlanta, kwa chini ya sekunde moja. Baada ya majuma kadhaa tulipata, kwenye kifurushi cha mahamri, picha moja iliyowaonyesha wote wawili.

Picha hiyo ilituzulia ugomvi. Yeye alitaka ikatwe katikati, mimi nilidai ni yangu kwa kuwa mahamri yalikuwa yangu. Tulibishana hadi ndani ya darasa, na mwalimu wetu wa Kiswahili akatunyang'anya madaftari yote mawili. Tulijua yameishia jikoni. La hasha! Baada ya juma moja alituita, akaturudishia, kisha akatupa kazi mbili. Ya kwanza, chini ya kila picha tuandike tarehe na jina la gazeti. Ya pili, kila mmoja aandike insha kuhusu mwanariadha wa mwenzake. Nililazimika kuazima daftari la rafiki yangu na kumsifu Haile kwa kurasa mbili. Nayo picha tuliamua wenyewe isikatwe, bali tuitunze kwa zamu, mwezi kwangu na mwezi kwake.

Mwishoni mwa mwaka 1997 mvua za El Niño zilinyesha na Mto Tana ukafurika. Tulihama usiku. Daftari langu, lililokuwa ndani ya sanduku chini ya kitanda, liligeuka tope. Kilichosalia katika mkusanyo wangu wote ni picha ile moja, kwa sababu mwezi ule ilikuwa zamu ya rafiki yangu, na jamaa zake walikuwa wamekwisha kuhamia nyanda za juu na ng'ombe wao.

Nilianza upya nikiwa chuoni. Nilibandika habari za Sydney mwaka 2000, Haile alipomshinda tena Tergat kwa sehemu 9 za mia za sekunde, na za Berlin mwaka 2003, Tergat alipoweka rekodi ya dunia ya marathoni kwa saa 2, dakika 4 na sekunde 55. Mwaka 2004 nikasoma kwamba amekuwa balozi wa Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, kwa kuwa alipokuwa mtoto alikula chakula cha shirika hilo shuleni. Nasi Garsen tulikula chakula cha msaada shuleni wakati wa ukame. Nilikuwa nimemfuata kwa miaka tisa bila kujua kwamba tuliwahi kupanga foleni moja.

Mapigano kati ya Wapokomo na Waorma, yaliyoanza Agosti 2012, yaliwaua watu zaidi ya 100 katika Tana Delta. Katika siku hizo nilimpigia rafiki yangu simu. Hatukuulizana nani alianza. Tuliulizana hali za wazazi, kisha akaniambia kwamba picha ingali mkebeni. Sidai kwamba picha huzuia vita. Nasema tu kwamba siku hiyo tulikuwa na neno la kuanzia mazungumzo, na walikuwapo wengi ambao hawakuwa nalo.

Leo wanafunzi wana picha mamia ndani ya simu, bila tarehe wala chanzo. Mtaala wa Umilisi unawataka wakusanye kazi zao kwenye potifolio. Ndugu walimu, hapo pana nafasi. Mkimkuta mtoto na picha za Faith Kipyegon au za mwanakandanda wa ng'ambo, msimnyang'anye. Mwambieni amchague mmoja, aandike tarehe, aandike chanzo, kisha amsome na mpinzani wake.

Yule mwalimu aliyenilalamikia aliniahidi kwamba atalirudisha daftari la mvulana yule. Natumaini amelirudisha, na kwamba amempa na kazi ya kufanya.