Upimaji wa Jitihada za Akili katika Majaribio ya Violesura: Tatizo la Lugha ya Kipimo

Makala haya yanajadili upimaji wa jitihada za akili anazotumia mtu anapojaribu mfano wa awali wa kiolesura, yaani ile sura ya programu ambayo kwayo mtumiaji huiamuru kompyuta au simu. Watumiaji wawili huweza kuikamilisha kazi ileile kwa dakika zilezile bila kosa, mmoja kwa wepesi na mwenziwe kwa kukaza akili mno. Saa na hesabu ya makosa havitawatofautisha.

Zipo njia kadhaa. Mwaka 1966 Kahneman na Beatty walionyesha kwamba mboni ya jicho hupanuka kadiri tarakimu za kukumbukwa zinavyoongezeka. Lakini mboni hiyohiyo hupanuka pia mwanga wa skrini unapofifia. Wengine humpa mtumiaji kazi ya pembeni, kama kubonyeza kitufe kila asikiapo mlio, na kuchelewa kwake huchukuliwa kuwa dalili ya kuelemewa. Njia nyepesi kuliko zote ni kumwuliza mwenyewe.

Hojaji ijulikanayo zaidi ni NASA-TLX, iliyochapishwa na Hart na Staveland mwaka 1988. Ina vipengele sita: mahitaji ya akili, ya mwili na ya muda, ufanisi, juhudi, na maudhi. Kila kimoja hupewa alama 0 hadi 100, kisha hulinganishwa viwiliviwili mara 15 ili kupata uzito wake, hatua ambayo watafiti wengi huiruka.

Hojaji hiyo ilitungwa kwa Kiingereza, na tafsiri yake si kazi ndogo. Katika Kiswahili neno juhudi lina sifa njema ndani yake: mwanafunzi mwenye juhudi husifiwa. Mhojiwa anayejipa alama 80 huenda anajisifu, wala halalamiki kwamba menyu imemchosha. Swali la “ulilazimika kukaza akili kiasi gani?” ni salama zaidi, ingawa linakikaribia mno kipengele cha kwanza. Maudhi nayo ni neno finyu, kwa kuwa asili yake hujumuisha hasira, wasiwasi na kuvunjika moyo. Ufanisi una mtego mwingine: mstari wake huanzia mafanikio kamili na kuishia kushindwa, kinyume na mingine inayopanda kutoka kidogo hadi kingi. Asiyeelezwa hilo mapema hutia alama upande usio wake.

Vikirekebishwa hivyo, vipimo hivi vingewafaa waundaji wa istilahi, ambao mabishano yao mara nyingi huamuliwa kwa ladha tu. Mifano miwili ya awali ifanane kwa kila kitu isipokuwa neno moja la menyu. Nusu ya watumiaji waanze na huu, nusu na ule. Istilahi mpya ikipata alama kubwa ya uzito siku ya kwanza, huenda kilichopimwa ni ugeni wake tu. Watumiaji walewale wapimwe tena baada ya majuma kadhaa ya kuitumia, kabla haijaondolewa kwenye skrini.